Maisha ya Mtakatifu Athanasio, Askofu wa Iskanderia

Katika mwaka wa yubilei ni desturi yetu Wakristo kuwakumbuka waliotuletea Injili, na kumshukuru Mungu kwa makanisa na shule zilizojengwa kwa jasho lao. Desturi hii ni njema. Walakini yatupasa kukumbuka pia kile walichotuletea. Imani tunayoikiri kila Jumapili, tukisimama pamoja, wazee kwa watoto, haikufika kwetu pasipo gharama. Iligombewa kwa miaka mingi; na wako waliofukuzwa makwao, wakasingiziwa na kuwindwa kama wanyama, ili sisi tuipokee nzima. Mmoja wao, ambaye alidhulumiwa kwa ajili yake kuliko wengi, alikuwa mtu wa Afrika. Huyo ni Mtakatifu Athanasio. Basi yafaa walimu na Wakristo wote wajue habari zake, wapate kuona kwa nini mafundisho yenye uzima si kazi ya wenye elimu peke yao, bali ni chakula cha kila Mkristo.

1. Ujana wake

Athanasio alizaliwa Iskanderia, penye pwani ya Misri, karibu na mwaka 297. Mji huo ulikuwa mmojawapo wa miji mikubwa kupita yote katika dola ya Kirumi. Bandarini mwake merikebu zilipakia ngano ya nchi ya mto Naili, na watu wa mataifa mengi walikutana humo, Wayunani, Wamisri na Wayahudi, kila watu na walimu wao.

Utoto wake ulikuwa katika siku za dhuluma. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alitoa amri makanisa yabomolewe na vitabu vitakatifu vichomwe moto. Na mwaka 311 Petro, Askofu wa Iskanderia, aliuawa kwa ajili ya Kristo. Hivyo Athanasio alikua kati ya watu waliowajua mashahidi kwa majina yao. Aliona mapema ya kuwa imani ya Kikristo si maneno ya kupendezesha masikio, maana watu wa kawaida walikubali kufa kuliko kuikana.

Dhuluma ilipokwisha, Askofu Aleksanda alimchukua kijana huyu nyumbani mwake, akamlea katika Maandiko, akamtia daraja ya ushemasi na kumfanya mwandishi wake. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, mwepesi wa akili, mwenye moyo usiotishika.

2. Fundisho la Ario

Yapata mwaka 318 fitina kubwa ilizuka katika Kanisa la Iskanderia. Alikuwako padre mmojawapo wa mji, jina lake Ario. Hakuwa mtu mwovu kwa kuonekana. Alikuwa mtu mzima, mwenye kufunga sana, mwenye maneno matamu, na watu wengi walimheshimu. Akaanza kufundisha ya kwamba Mwana wa Mungu si Mungu kweli kama Baba alivyo. Kwamba ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza na mkuu kupita viumbe vyote. Na kwamba kabla hajaumbwa hakuwako. Alitumia Maandiko pia, na hasa aya moja ya sura ya 8 ya Mithali isemayo habari za Hekima. Tena alitunga mashairi ya kueneza fundisho lake; na yasimuliwa kwamba mabaharia, wasagaji nafaka na wasafiri walipata nyimbo zake za kuimba kazini na njiani. Hivyo fundisho liliingia vinywani mwa watu kabla hawajalipima mioyoni.

Askofu Aleksanda akawakusanya maaskofu wa Misri na Libia, wapata 100, nao wakamkataza Ario na kumtenga. Akaenda kwa rafiki zake wa Palestina na Asia Ndogo, na ugomvi ukaenea pamoja naye. Habari zikamfikia Kaisari Konstantino. Yeye alitaka amani katika dola yake, akawaandikia Aleksanda na Ario, akiwalaumu wote wawili kwa kushindana juu ya jambo dogo lisilo na faida. Wengi hata leo wangekubaliana naye. Wangesema kwamba yatosha kumpenda Yesu na kutenda mema, na mengine tuwaachie wanachuoni.

Lakini Athanasio aliona kwamba jambo hili si dogo. Aliona kwamba wokovu wote wa wanadamu umo ndani yake. Katika kitabu chake juu ya Neno la Mungu kufanyika mwili, alieleza kwa mfano ulio rahisi. Mtu akichorwa sura yake juu ya ubao, na sura ile ikafutika kwa uchafu, ubao hautupwi. Yule mwenye sura huja tena, akaketi mbele ya mchoraji, na sura yake hufanywa upya juu ya ubao ule ule. Ndivyo alivyofanya Mwana wa Mungu. Mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, akauharibu kwa dhambi. Wala hakuna awezaye kuufanya upya ila yeye ambaye mfano huo ni wake. Kiumbe hawezi. Kiumbe naye ahitaji kupewa uzima; atawapaje wengine kitu ambacho yeye mwenyewe amekipokea kwa neema?

Kisha aliuliza habari za ibada. Wakristo wote, hata wafuasi wa Ario, humwomba Kristo na hubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kama Mwana ni kiumbe, basi Kanisa laabudu kiumbe, wala halikuachana na waabudu sanamu. Na kama ubatizo wafungamanisha jina la Muumba na jina la kitu alichokiumba, anayebatizwa ameungwa na nani? Haya hayakuwa maswali ya wanachuoni peke yao. Yalimhusu kila mama aliyemleta mtoto wake kisimani.

3. Mtaguso wa Nikea

Mwaka 325 Kaisari aliwaita maaskofu wa dola yake kwenye mji wa Nikea, ambao leo huitwa Iznik katika nchi ya Uturuki. Wakaja karibu 300. Mapokeo ya Kanisa husema 318. Wengine walikuwa na makovu ya mateso ya miaka iliyopita. Athanasio alikwenda pamoja na askofu wake, akiwa shemasi tu asiye na kura.

Maaskofu walitafuta maneno ya kuitamka imani ya Mitume pasipo kuacha mlango wa udanganyifu. Ilikuwa kazi ngumu, maana kila walipotaja neno la Maandiko, watu wa Ario waliliafiki na kulipa maana yao wenyewe. Mwishowe walikubaliana kusema kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Neno hilo la Kiyunani halimo katika Maandiko; walakini lilichaguliwa lilinde maana ya Maandiko, kama ukuta ulindavyo shamba ingawa si mmea wa shambani. Karibu wote walitia sahihi. Maaskofu wawili tu wa Libia walikataa mpaka mwisho, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Watu walidhani ugomvi umekwisha. Kumbe ulikuwa ukianza.

4. Uaskofu na mashtaka

Askofu Aleksanda alikufa mwaka 328. Watu wa Iskanderia wakamtaka Athanasio, naye akawekwa wakfu katika mwezi wa Juni mwaka ule, angali kijana hata adui zake walinung'unika kwamba hajafikia umri. Akaanza kwa kuzuru jimbo lake, akapanda mto Naili mpaka nchi ya Thebe, akawajua watawa wa jangwani na Wakristo wa mashambani. Kila mwaka aliwaandikia makanisa yake barua ya kutangaza siku ya Pasaka, na ndani yake akawafundisha na kuwaonya.

Muda si muda rafiki za Ario walipata kibali tena kwa Kaisari. Ario aliandika maneno ya imani yaliyo mapana, ambayo kila mtu angeweza kuyakubali kwa namna yake, na Konstantino akamwagiza Athanasio ampokee. Athanasio akakataa. Tangu hapo adui zake waliacha kubishana naye juu ya fundisho, wakamtafutia makosa. Walisema kwamba padre wake amevunja kikombe cha Komunyo, na kwamba yeye mwenyewe amemwua askofu mmoja aitwaye Arsenio na kumkata mkono kwa uchawi. Hata wakauonyesha mkono ndani ya kisanduku. Watu wa Athanasio wakamtafuta Arsenio, wakamwona mzima, amefichwa. Yasimuliwa kwamba katika baraza la Tiro, mwaka 335, Athanasio alimleta mbele ya waamuzi amefunikwa nguo. Akaufunua mkono mmoja, kisha wa pili, halafu akawauliza washtaki wamwonyeshe mahali ulipokatwa ule wa tatu.

Hata hivyo baraza lilimhukumu. Akapanda chombo, akaenda Konstantinopoli, akamsimamisha Kaisari barabarani alipokuwa akiingia mjini juu ya farasi wake. Lakini washtaki walileta shtaka jipya, kwamba ametishia kuzuia merikebu za ngano zisitoke Iskanderia. Jambo la ngano lilimgusa Kaisari kuliko jambo la imani. Akamhamisha Athanasio mpaka Trier, mji ambao leo uko katika Ujerumani. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza kati ya mitano.

Wala tusiandike maisha ya mtakatifu kana kwamba hakuwa na upungufu. Katika Misri kilikuwako chama kingine kilichojitenga, cha wafuasi wa Meletio. Barua yao moja ya mwaka 335, iliyoandikwa juu ya papiri na kuonekana katika nyakati zetu, yaeleza jinsi walivyopigwa na watu wa upande wa Athanasio. Huenda barua ya washindani imeongeza chumvi. Lakini twajua kwamba siku zile zilikuwa za ukali pande zote, na maandiko ya Athanasio mwenyewe yana maneno makali. Fundisho la kweli halimpi mtu ruhusa ya kumpiga ndugu yake. Yeye mwenyewe alionyesha jambo hili kwa namna bora zaidi katika uzee wake, kama tutakavyoona.

5. Injili yafika Uhabeshi

Konstantino alipokufa mwaka 337, Athanasio alirudi. Lakini mwaka 339 alifukuzwa tena na Kaisari Konstansio, akakaa Roma na nchi za magharibi miaka saba. Aliporudi mwaka 346, watu walitoka mbali nje ya mji kumlaki, na kwa miaka kama kumi alichunga kundi lake kwa amani.

Katika uaskofu wake Kanisa la Iskanderia lilipeleka imani mbali zaidi katika Afrika. Vijana wawili wa Tiro, Frumentio na Edesio, walikamatwa pwani ya bahari ya Shamu, na wenzao wa chomboni wakauawa. Wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum katika Uhabeshi, wakamtumikia kwa uaminifu hata wakapewa kazi kubwa za nyumba ya mfalme. Frumentio akawakusanya wafanya biashara Wakristo waliokuwako, wapate mahali pa kusali. Kisha alishuka Iskanderia kumwomba Athanasio awapelekee askofu. Athanasio aliposikiliza habari zote, aliona kwamba hakuna afaaye kuliko yeye aliyeleta ombi. Akamweka wakfu na kumrudisha Aksum. Wahabeshi humwita Abba Salama, yaani Baba wa Amani, na mfalme Ezana alitia alama ya msalaba juu ya fedha zake. Karibu na mwaka 356 Kaisari Konstansio aliandika barua kwa wafalme wa Aksum, akitaka Frumentio arudishwe Iskanderia ili afundishwe imani ya wapinzani wa Athanasio. Lakini Kanisa la Uhabeshi lilidumu katika imani ya Nikea, na kwa muda wa miaka 1,600 hivi lilipokea maaskofu wake wakuu kutoka Misri.

6. Usiku wa Februari

Konstansio hakuridhika. Usiku wa tarehe 8 Februari mwaka 356 Athanasio alikuwa na watu wake katika kanisa la Theona, wakikesha kwa sala. Askari wakalizunguka kanisa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba walipita 5,000. Watu wakafadhaika. Athanasio hakuondoka. Aliketi kitini pake, akamwamuru shemasi asome Zaburi ya 136, na watu waitikie katika kila aya. Milango ikavunjwa, mishale ikarushwa, watu wengine wakafa kwa kukanyagwa. Makasisi walimsihi akimbie. Akakataa mpaka watu wametoka. Mwishowe watawa na makasisi walimvuta kwa nguvu kati ya askari, amekwisha kuishiwa nguvu, naye akatoweka gizani.

Miaka sita alifichwa jangwani, akihamishwa toka pango hata pango, toka nyumba ya watawa hata nyumba. Askari walimtafuta kila mahali, wala hapakuwa na mtawa aliyemtoa. Katika maficho hayo aliandika vitabu vyake vingi dhidi ya fundisho la Ario, na maisha ya Mtakatifu Antonio, ambayo yaliwavuta watu wengi katika utawa. Akamwandikia pia Serapioni, Askofu wa Thmuis, akithibitisha kwamba Roho Mtakatifu naye si kiumbe, maana ndiye anayetutakasa na kutuunga na Mungu.

Wakati huo huo mambo ya Kanisa yalionekana kuharibika kabisa. Mwaka 359, katika mji wa Rimini, maaskofu zaidi ya 400 walikusanyika, wakachoshwa na kutishwa mpaka wakatia sahihi maneno ya imani yasiyotaja asili moja. Hata wazee walioheshimiwa walikuwa wamelegea. Watu wa baadaye walisema kwamba Athanasio alisimama peke yake kushindana na dunia nzima. Lakini kwa kweli hakuwa peke yake. Walikuwako watawa waliomficha, mabaharia waliochukua barua zake, na watu wa kawaida waliosali mashambani na makaburini kuliko kuingia makanisani pamoja na waliomkana Bwana wao. Maaskofu wengi waliposahau, kundi lilikumbuka.

7. Mpatanishi

Konstansio alikufa mwaka 361, na Kaisari Yuliano aliyemfuata akawarudisha waliohamishwa. Athanasio akaingia Iskanderia mwezi wa Februari mwaka 362. Wengi walitazamia kwamba sasa atalipa kisasi. Yeye akaita mkutano wa maaskofu, na mkutano huo ulionyesha moyo wake kuliko vita vyake vyote. Waliotia sahihi kwa hofu walipokewa tena bila kuaibishwa, mradi wakiri imani ya Nikea.

Kisha likaja shauri la maneno. Wengine walizoea kusema kwamba katika Mungu mna nafsi tatu, wengine wakasema kwamba mna moja tu, kwa kuwa neno lile la Kiyunani lilikuwa na maana mbili. Kila upande uliwadhania wenzao kuwa wazushi. Athanasio hakuwahukumu kwa neno. Aliwauliza kila upande waeleze maana yao. Wa kwanza walisema kwamba hawahubiri miungu watatu. Wa pili walisema kwamba hawamkani Mwana wala Roho. Akaona kwamba imani yao ni moja, akawapatanisha. Aliyekubali kufukuzwa mara kwa mara kwa ajili ya neno moja, alijua pia kulegeza neno pale ambapo kweli haikuharibika.

Hata hivyo Yuliano, aliyekuwa ameiacha imani, alichukizwa naye kwa kuwa alibatiza wanawake wenye cheo kati ya Wayunani, akamfukuza. Yasimuliwa kwamba Athanasio alikuwa akipanda mto Naili kwa mashua, na askari wakimfuata. Akaamuru mashua igeuzwe, wakakutana nao uso kwa uso. Askari walipouliza kama Athanasio yu karibu, walijibiwa kwamba hayuko mbali. Wakapiga makasia kwa haraka, wakampita. Yuliano akafa vitani mwaka 363. Mwaka 365 Kaisari Valensi alimfukuza mara ya tano, lakini watu wa mji hawakutulia mpaka aliporudishwa baada ya miezi michache.

8. Siku zake za mwisho

Katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 aliwaandikia watu orodha ya vitabu vya Maandiko, wasidanganywe na vitabu vya uongo. Ndiyo orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo sisi, pasipo kupungua wala kuzidi. Akataja pia vitabu vingine vilivyofaa kusomwa na wakatekumeni, ingawa si Maandiko.

Alilala katika Bwana tarehe 2 Mei mwaka 373, kitandani pake, kati ya watu wake, baada ya uaskofu wa miaka 45, ambayo karibu 17 aliipitisha uhamishoni na mafichoni. Hakuuona ushindi. Mwaka 381 Mtaguso wa Konstantinopoli uliithibitisha imani ya Nikea, na Kanisa likaishika mpaka leo. Walimu wajue pia kwamba ile Imani ndefu iitwayo ya Athanasio haikuandikwa na yeye. Ilitungwa kwa Kilatini baada ya kufa kwake, ikapewa jina lake kwa heshima.

9. Mafunzo kwetu

Wapenzi wasomaji, tumeona kwamba Ario hakushinda kwa vitabu tu, bali kwa nyimbo. Basi anayetunga wimbo wa kanisani, na anayewafundisha watoto kuuimba, wanafundisha imani kama ahubirivyo padre; na wayapime maneno yake kwanza. Tumeona pia kwamba kanisa likifurika watu wasiojua wanachokiri, hodari wa maneno aweza kuwageuza kwa siku chache. Lakini watu waliofundishwa vizuri waliweza kusimama hata askofu wao alipokuwa jangwani miaka sita.

Tena mafundisho hupimwa penye shida, si penye mabishano. Mwalimu anapoketi kando ya kitanda cha mtu anayekufa, atamwambia nini? Kama Kristo ni kiumbe, ingawa ni mkuu namna gani, basi Mungu mwenyewe hakuja kwetu, alimtuma mwingine; na mgonjwa yule amebaki na mjumbe tu. Lakini kama aliyezaliwa na Mariamu, akalia kaburini kwa Lazaro, akafa na kufufuka, ni Mungu kweli, basi mwalimu aweza kumshika mkono mgonjwa na kumwambia bila hofu kwamba Mungu mwenyewe ameipita njia hii kabla yake. Kwa ajili ya faraja hiyo Athanasio alifukuzwa mara tano. Na sisi tutakaposimama Jumapili kuikiri imani, tuikiri polepole, tukijua tunalolisema, na tuwafundishe watoto wetu maana yake.